Aliyeshindwa Kutembea: Mbwa, Saratani na Hesabu ya Njia ya Misafara

Sisi tunaosoma na kufundisha historia ya njia ya misafara tumezoea kuhesabu vilivyofika. Tunahesabu pembe za ndovu zilizofika Bagamoyo, majora ya nguo yaliyofika Unyanyembe, na watu waliofikishwa sokoni Zanzibar. Walioshindwa kufika tunawataja kwa haraka, kisha tunasonga mbele kama msafara wenyewe ulivyosonga. Hata hivyo, swali zito kuliko yote lililoulizwa alfajiri kambini, kati ya Ujiji na pwani, halikuhusu bei ya pembe. Lilikuwa hili: aliyeshindwa kutembea leo afanyweje? Abebwe, asubiriwe, akabidhiwe kwa wenyeji, au aachwe?

Makala haya yanahusu swali hilo. Yanahusu pia mbwa, na najua kwamba kwa baadhi yenu neno hilo pekee linatosha kuifanya mada ionekane nyepesi. Nawaomba subira. Mbwa wetu wa nyumbani hapa Tabora, jike wa miaka 9 aitwaye Popi, aligunduliwa kuwa na saratani. Kwa majuma kadhaa familia yangu ililazimika kuamua atibiwe vipi, kwa gharama ipi, na hadi lini. Katika majuma hayo nilisikia maneno ambayo hayakuwa mageni kwangu: "Atafaa nini tena?" "Ana thamani gani hata asumbuliwe daktari?" Nilikuwa nimeyasoma, kwa sura nyingine, katika kumbukumbu za karne ya 19.

Tuanze na njia yenyewe. Kutoka Bagamoyo ilipanda hadi Mpwapwa, ikapita Ugogo penye uhaba wa maji, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikafika Tura na hatimaye Unyanyembe, yaani Tabora na viunga vyake kama Kwihara. Hapa iligawanyika: tawi moja likaenda magharibi hadi Ujiji, jingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika mwaka 1857, wakakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wamekwisha kujenga matembe yao. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa uelekeo uleule. Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ni njia ya biashara, lakini pia ni njia ya wagonjwa. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuonyesha jinsi kipindupindu kilivyosafiri na misafara. Mwaka 1905 Robert Koch alionyesha kwamba papasi, wale kupe wanaoeneza homa za vipindi, walijaa katika vibanda vya kupumzikia wasafiri kwenye njia za misafara za koloni la Wajerumani.

Mbwa nao walisafiri katika njia hizo, na baadhi yao wameingia katika maandishi. Livingstone alikuwa na mbwa mdogo aliyeitwa Chitane. Katika shajara yake anamsifu kwa namna alivyojipa kazi ya kuusimamia msafara: alikimbia mbele kumwona wa kwanza, akarudi nyuma kumbwekea wa mwisho aharakishe mwendo. Tarehe 15 Januari 1867, walipokuwa wakivuka kinamasi katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wote walijishughulisha na kuvuka na Chitane akazama bila kuonwa. Siku 5 baadaye wapagazi wawili walitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku la dawa. Livingstone alilichukulia pigo hilo la pili kama hukumu ya kifo, na miaka iliyofuata ilimthibitishia: alipokutana na Stanley Ujiji mwaka 1871 alikuwa amedhoofika kwa maradhi ambayo hakuwa na dawa ya kuyatibu. Huwa nawaambia wanafunzi wangu wazisome siku hizo 5 pamoja. Katika juma moja msafara ulipoteza mlinzi wake na tiba yake, na aliyewapoteza alikuwa tabibu.

Stanley naye alikuja na mbwa. Katika safari yake ya kwanza mbwa wake Omar, aliyetoka naye India, alikufa kabla ya msafara kuingia Ugogo. Katika safari ya pili, iliyoondoka Bagamoyo Novemba 1874, alikuwa na mbwa 5. Wa mwisho kati yao, Bull, alitembea kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, akaanza kurudi kusini na msafara, na akafa mwaka 1876 katika nchi hizi za magharibi yetu akiwa bado anajikokota kuwafuata wenzake. Stanley anamsimulia kwa majonzi na kwa sifa nyingi. Sifa zenyewe ndizo zinazonishughulisha. Simulizi lote limejengwa juu ya ushupavu wa mbwa: alivyokataa kukaa, alivyojilazimisha kuinuka. Tunamsifu mgonjwa kwa uvumilivu wake, na sifa hiyo inatuondolea wajibu wa kuuliza kama ilikuwa lazima avumilie. Kusifu uvumilivu ni njia mojawapo ya kukwepa uamuzi. Mtu yeyote aliyewahi kumuuguza mzazi anaijua njia hiyo.

Kwa binadamu mambo yalikuwa mazito zaidi. William Farquhar, baharia aliyeajiriwa na Stanley, aliachwa mgonjwa Mpwapwa mwaka 1871, akafa siku chache baadaye. Mwenzake, John Shaw, aliondoka Kwihara Septemba mwaka huohuo, akashindwa njiani, akarudishwa Kwihara kwa machela na kufia hapo. Hao walikuwa Wazungu na majina yao yalihifadhiwa. Kwa watu waliosafirishwa kama bidhaa hesabu ilikuwa ya kikatili isiyo na kificho. Mwaka 1866, katika njia ya kusini kando ya Ruvuma, Livingstone alikuta maiti ya mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti. Wenyeji walimweleza kwamba alishindwa kwenda sambamba na wenzake, na mwenye mali hakutaka awe mali ya mtu mwingine endapo angepata nafuu.

Silinganishi mbwa na mtu, na ningekerwa kama msomaji angeondoka na dhana hiyo. Ninachokifuatilia ni hesabu, siyo anayehesabiwa. Mantiki ya yule mwenye mali ilikuwa kwamba uhai unapimwa kwa faida inayobaki ndani yake. Faida ikikoma, uhai ni mzigo. Mantiki hiyo haikuzikwa pamoja na biashara ya utumwa. Inarudi kila tunapomtazama mzee, mlemavu, mgonjwa wa muda mrefu au mnyama aliyezeeka, na kuuliza kwanza anafaa nini.

Lakini njia hii hii iliacha jibu jingine, na bahati mbaya halina jumba la makumbusho. Misafara ya Wanyamwezi, iliyoundwa na watu huru waliokwenda pwani kwa hiari na kwa ujira, ilikuwa na desturi zake. Mojawapo ilikuwa utani. Mnyamwezi aliyeugua katika nchi ya watani wake, Wazaramo kwa mfano, alikuwa na haki ya kudai chakula na hifadhi, na akifa watani ndio waliosimamia mazishi yake. Utani haukuuliza mgonjwa atabeba frasila ngapi akipona. Uliuliza tu: huyu ni nani kwetu? Kwa hiyo njia ya misafara inatupa mizani miwili, wa mali na wa mwenzi wa safari, na kila kizazi kinachagua kipimie kwa upi.

Sasa nirudi kwa Popi. Ilianza kwa uvimbe wa tezi chini ya taya, pande zote mbili, usio na maumivu. Watoto walidhani ameumwa na nyuki. Daktari wa mifugo aliyemchunguza alipapasa pia mbele ya mabega na nyuma ya magoti, akakuta tezi zimevimba kote. Alichukua sindano nyembamba, akavuta chembe kutoka kwenye tezi moja na kuzipaka kwenye kioo kwa ajili ya hadubini. Aliniambia kwamba kati ya magonjwa anayoyafikiria, mawili ni ya saratani, na kwamba mojawapo angefurahi kuliona kuliko jingine.

Saratani aliyotamani kuiona ni ile inayoambukizwa kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, hasa kwa kujamiiana, na wakati mwingine kwa kunusana na kulambana. Waganga wa mifugo wa nchi za joto wanaifahamu vyema, kwa sababu hustawi palipo na mbwa wengi wanaozurura. Ni kiumbe cha ajabu katika historia. Chembe zake si za mbwa anayeugua. Zimetokana na mbwa mmoja aliyeishi zamani mno, na zimeendelea kuhama kutoka mwili hadi mwili tangu hapo. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha uchambuzi wa vinasaba vya uvimbe 546 kutoka nchi 43. Walikadiria kwamba mbwa huyo aliishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita, na kwamba katika karne 5 zilizopita saratani hiyo ilivuka bahari na kuenea karibu dunia nzima pamoja na safari za watu. Kwa mwanahistoria huo ni ushahidi wenye kutikisa: ugonjwa unaohifadhi ndani ya vinasaba vyake kumbukumbu ya njia za biashara. Tena unatibika. Dawa iitwayo vinkristini, ikitolewa kwenye mshipa mara moja kwa juma kwa majuma machache, huwaponya mbwa wengi.

Popi hakuwa nayo. Alikuwa na limfoma, saratani ya chembe za kinga, ambayo tayari ilikuwa imeenea katika tezi za mwili mzima. Daktari alinieleza bila kuzunguka, na nilimshukuru kwa hilo. "Mwalimu," alisema, "hii mara nyingi hairudi nyumbani ikiwa imeshindwa. Tunaweza kuirudisha nyuma kwa muda. Kuiondoa kabisa ni nadra." Alinipa njia tatu. Ya kwanza ni mchanganyiko wa dawa za saratani kwa miezi kadhaa, ambao mbwa wengi huupokea vizuri na unaweza kuwapa miezi mingi, wengine hata mwaka. Ya pili ni vidonge vya prednisoloni peke yake, vinavyopunguza uvimbe na kurudisha hamu ya kula kwa mwezi mmoja au miwili. Ya tatu ni kutofanya kitu, na hapo muda huwa ni majuma machache.

Njia ya kwanza ilimaanisha safari. Dawa hizo zinahitaji upimaji wa damu wa mara kwa mara, mkono uliozoea mshipa wa mnyama, na uangalifu mkubwa kwa anayezishika. Tulishauriwa kwenda Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako madaktari wetu wa wanyama hufundishwa. Nilifungua ramani nikajikuta natazama njia ninayoifundisha kila mwaka: Tabora, Manyoni, Dodoma, Morogoro. Ni njia ya misafara ikirudi mashariki, mamia ya kilomita kwenda na mamia kurudi, karibu kila juma mwanzoni, na mgonjwa asiyeelewa kwa nini anasafirishwa.

Hapo ndipo pingamizi kubwa lilipokuja, na linastahili jibu la heshima. Ndugu yangu mmoja aliniambia: "Kaka, watu wa mkoa huu wakipata saratani wanapanda basi kwenda Bugando au Ocean Road, na wengine wanakosa nauli. Wewe unazungumza habari za mbwa?" Alikuwa sahihi kuhusu nauli. Fedha ya familia ni moja, na ada za shule na dawa za mama yangu zinatoka humo humo. Mtu anayesema kwamba gharama haipaswi kuzingatiwa ama ana fedha nyingi au hajawahi kulipa. Lakini pingamizi lile lilibeba dhana nyingine chini yake: kwamba kumhurumia mnyama ni kumpunguzia mtu huruma. Sijaona ushahidi wa hilo katika maisha wala katika kumbukumbu. Yule mwenye mali wa mwaka 1866 hakumfunga mwanamke yule mtini kwa sababu huruma yake ilikuwa imemalizikia kwa wanyama.

Jirani yangu, mzee wa umri wa miaka zaidi ya 70 anayeswali swala zote msikitini, alinifundisha zaidi ya vitabu. Yeye hamgusi mbwa, kwa sababu za kifikihi zinazojulikana. Lakini aliposikia habari alikuja mpaka uani, akasimama mbali kidogo na kuuliza kama Popi anakunywa maji. Kisha akanikumbusha hadithi mashuhuri ya mtu aliyeteremka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa madhambi yake. "Maji tu, Mwalimu," alisema. "Hakumponya chochote. Alimnywesha." Nimeifikiria sana kauli hiyo. Kuna wajibu unaobaki hata pale tiba inapokuwa nje ya uwezo.

Tulichagua njia ya pili. Kigezo kilichotuongoza kilikuwa mgonjwa mwenyewe. Popi alikuwa mbwa anayetetemeka akiingizwa kwenye gari. Miezi ya safari ingekuwa miezi ya hofu ili kununua miezi mingine ambayo sehemu yake ingetumika safarini. Fedha ilikuwa sababu ya pili, na sikuificha kwa watoto. Niliwaambia kwamba baba anaangalia gharama, lakini gharama siyo hakimu. Bei ni swali halali. Kosa la mizani wa mali ni kuifanya iwe swali la pekee.

Jambo lililotusaidia kuliko mengine ni kuamua mapema mwisho utakavyojulikana. Kwa ushauri wa daktari tuliandika mambo manne kwenye karatasi jikoni: anakula kwa hiari, anakwenda haja bila kuanguka, anapata usingizi, anainuka kumpokea mtu anayempenda. Kila jioni binti yangu aliweka alama. Tulikubaliana kwamba yakikosekana mawili kwa siku mbili mfululizo, tutamwita daktari. Karatasi hiyo ilituzuia tusifanye alichokifanya Stanley kwa kalamu yake, yaani kuusifu ushupavu wa anayejikokota na kuuacha mwili wake uamue kwa niaba yetu.

Popi alipata majuma 7 mazuri. Tezi zilinywea, akarudia kulala chini ya mwembe na kubwekea bodaboda. Katika juma la 8 alama zilikosekana. Daktari alikuja nyumbani, akampa kwanza dawa ya usingizi, kisha ile ya mwisho, na haikuchukua muda mrefu. Tulimzika uani. Watoto walilia, na mimi sikuwaambia kwamba ni mbwa tu.

Nimeyaandika haya katika ukurasa wa siasa na jamii kwa sababu yana upande wa umma. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe chenye hisia na inamtaka anayemmiliki amkinge na mateso yasiyo ya lazima. Lakini ukitazama shughuli zetu za kila siku, mbwa huingia katika daftari la serikali siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa au siku ya malalamiko kuhusu mbwa wanaozurura. Afisa mifugo wa kata amekabidhiwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na hiyo inaeleweka, kwa kuwa ndio uchumi wa watu. Hata hivyo, mbwa huyohuyo analinda boma la ng'ombe hao, na mtoto wa mfugaji ndiye anayeumwa mbwa akipata kichaa. Dunia imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na njia inayojulikana ni kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa. Huwezi kufikia kiwango hicho kwa mbwa usiowajua idadi, ambao wenye nao wanaona aibu kuwaleta.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, ombi langu si hospitali ya saratani ya mbwa Tabora. Ni mambo madogo yanayowezekana: chanjo na kuhasi vifanywe pamoja, kwa kuwa kuhasi kunapunguza mbwa wanaozurura na pia kunapunguza ile saratani ya kuambukizana, na daktari wa mifugo wa wilaya awe na dawa ya kumpumzisha mnyama asiyeweza kupona, ili mwenye mbwa asibaki na rungu au sumu kama chaguo pekee. Kwa wanaharakati, nasema haki ya mnyama haitasikilizwa ikizungumzwa kana kwamba wagonjwa wa Bugando hawapo. Zungumzeni vyote viwili kwa pumzi moja.

Na kwa wanafunzi wangu: mkienda Kwihara kulitazama tembe, msiulize tu nani alilala humo. Ulizeni pia nani hakuweza kuinuka asubuhi, nani aliamua hatima yake, na kwa mizani upi. Swali hilo mtakutana nalo tena nje ya makumbusho, katika wodi, katika bajeti, na katika nyumba zenu wenyewe, na hapo hakuna mwalimu atakayewasahihishia majibu.